Swali la Darasa la Sita

Watoto walikuwa arobaini na saba, madawati kumi na matano, na dirisha lililokubali kufunguka lilikuwa moja tu. Mwalimu Mideva alikuwa amesimama tangu saa mbili asubuhi. Sasa saa sita ilikuwa inakaribia na miguu ilimwaka moto ndani ya viatu. Lililobaki ni somo la historia, na kwa kawaida historia siku ya Ijumaa haikuwa kazi. Mwalimu alisoma kitabuni, watoto wakaitikia kwa wimbo. Nani aliliona ziwa kwanza? Mzungu fulani. Nani alijenga reli? Mwingereza. Nani alileta amani huku kwetu? Bwana D.C. Bendera iliyopepea nje ilikuwa mpya, ina mwaka mmoja na nusu, lakini vitabu vilikuwa vilevile.

Mwezi uliopita mkaguzi wa shule alikuja na pikipiki kutoka Kakamega mjini akagawa karatasi za silabasi mpya. Karatasi ilisema mtoto aanze kujifunza mambo ya watu wa nyumbani kwao. Aujue ukoo wake, kijiji chake, lokesheni yake, ndipo afike Nairobi na baadaye duniani. Walimu wengine waliikunja wakaitia kabatini. Mideva aliisoma mara mbili. Hakuwa mwanamke wa kutafuta ugomvi. Alikuwa na cheti cha ualimu cha P3, watoto watatu, na mume karani wa kaunsili ya mji, na alipenda kufanya lililoandikwa. Basi Jumatatu aliandika ubaoni: *Waulize wakubwa wa nyumbani. Tulitoka wapi? Shamba tunalolima tulilipataje?*

Ijumaa hiyo ndiyo majibu yalikuwa yanasomwa.

"Shamba letu tulipewa na Mungu," alisoma wa kwanza.

"Mungu alimpa nani mkononi?" akauliza Mideva.

"Alimpa kuka."

Darasa likacheka, maana kuka, babu yake yule mtoto, alijulikana kwa ulevi. Mwingine alisema wao walitoka Bunyore na jogoo mmoja. Mwingine akasema hawana shamba, baba yao amekwenda Lumakanda kungoja kugawiwa na serikali. Kila jibu lilipokwisha, mwenyewe alikwenda ukutani kuchora mahali pao kwenye ramani ya kijiji. Ramani ile waliitengeneza kwa karatasi za mifuko ya simenti, zikagandishwa kwa uji. Kijito kilikuwa tayari, na barabara ya Malava, na kanisa, na kinu.

Akafika Teresa. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka kumi na mitatu aliyelelewa na nyanya yake. Alisoma bila kuinua macho.

"Kukhu yangu anaitwa Musimbi. Kukhu anasema shamba letu lilikuwa kutoka kijito mpaka barabara. Wakati wa vita vya Hitla serikali ilitaka watu wa kwenda kukata mkonge. Liguru aliandika jina la kuka, Mukhwana. Kuka hakurudi. Liguru alimwambia kukhu, nitakuchungia shamba mpaka mzee arudi. Mpaka sasa anachunga. Mwisho."

Hakuna aliyecheka. Liguru alikuwa mzee wa kijiji aliyewekwa na serikali ya wakoloni, akikusanya kodi na kupeleka watu walipotakiwa. Liguru wa wakati wa vita katika kijiji kile alikuwa mmoja tu, Shitanda, na kila mtoto mle darasani alijua kwamba Shitanda ndiye baba mkwe wa mwalimu.

Teresa alikwisha fika ukutani, kalamu ya rangi mkononi. "Mwalimu," akauliza, "na letu nilichore?"

Angeweza kusema muda umekwisha. Angeweza kusema hilo tutalitazama Jumatatu, na Jumatatu ingekuja na mambo yake. Mideva aliutazama ule mgongo mdogo wenye gauni lililotiwa viraka, ukimngoja.

"Chora," akasema.

&nbsp;

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mzee Shitanda alikuwa ameketi nje ya nyumba yake ya mabati, fimbo magotini. Mideva alimwinamia kutoka mbali, kama mke wa mwana anavyopaswa kumsalimu baba mkwe, na mzee akageuza uso akatazama kinu. Mideva akaingia jikoni, akasonga obusuma, yaani ugali, akapika kunde, akampa binti yake Jescah ampelekee kuka. Mtoto alirudi na sahani vilevile ilivyofunikwa.

"Kuka amesema ameshiba."

"Ameshiba nini?"

"Hajasema."

Cleophas, mume wake, alifika na baiskeli kutoka mjini jua likiwa bado juu ya miti. Kabla hajaiegemeza ukutani, baba yake alimwita. Mzee alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwa sababu ndiko maneno yalikokusudiwa kufika.

"Mwambie mkeo kamati ya mipaka inakuja Alhamisi, si hii ijayo, ile ya pili, kupiga vigingi. Kila mtu ataandikiwa shamba lake, apewe hati. Miaka ishirini na mitatu hakuna mtu ameniuliza kitu. Leo naulizwa na mtoto wa darasa la sita, kwa chaki ya mke wa mwanangu."

"Nitamwambia, baba."

"Mwambie na hili. Kwao Maragoli wamebanana kama punje kwenye gunzi. Ndiyo maana anahangaika na mashamba ya wenyewe."

"Nitamwambia."

Hakuhitaji kumwambia. Aliingia jikoni, akaketi kwenye kigoda, akavua viatu. Alikuwa mtu mpole, mwenye shingo ndefu iliyozoea kuinama juu ya madaftari ya watu wengine.

"Ungesema muda umekwisha," alisema.

"Haukuwa umekwisha."

"Mama Jescah, unajua shamba hili likigawanywa, sehemu yangu mimi ni ya huku chini. Ndugu yangu mkubwa anachukua ya juu. Kigingi cha Musimbi kikipigwa kitapita wapi? Kitapita hapa tulipoketi."

Mideva alikoroga kunde ambazo hazikuhitaji kukorogwa. "Baba mwenyewe alisema. Ulikuwepo."

Ni kweli Cleophas alikuwepo. Wiki mbili nyuma, Mideva alipokuwa anatayarisha somo, alitaka kujibu swali lake kwanza yeye kabla ya kuwapa watoto. Kwa kuwa haikuwa adabu kumhoji baba mkwe, alimtuma Jescah akae miguuni pa kuka na kumuuliza, na yeye akaketi nyuma ya mlango akiandika. Mzee siku hiyo alikuwa na furaha, mjukuu anamuuliza habari za zamani. Alieleza shamba la juu alilopewa na baba yake. Kisha akasema, kama mtu anayejisifu kwa wema: lile la chini nilimtunzia Mukhwana alipokwenda kazi za vita. Mideva aliliandika hivyohivyo katika daftari la matayarisho, na mwisho wa wiki hedimasta akatia sahihi na muhuri bila kusoma.

"Basi chana huo ukurasa," alisema Cleophas.

"Una muhuri wa shule."

Nje mzee alikohoa, kikohozi cha kuwaambia kwamba bado yuko.

&nbsp;

Hedimasta George Khisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na walimu sita kwa madarasa saba, paa lililovuja juu ya darasa la pili, na kamati ya shule ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mzee Shitanda. Jumatatu asubuhi alimwita Mideva ofisini na hakumkaribisha kiti, kwa kuwa cha pili kilikuwa kimevunjika.

"Mwalimu, mtihani wa darasa la saba unaulizanga nini?"

"Unauliza ya vitabuni, bwana."

"Unauliza habari za Musimbi?"

"Hapana."

"Kama mtoto anataka kwenda sekondari, Musimbi atamsaidia kupita?"

"Silabasi mpya inasema..."

"Silabasi ilikuja na pikipiki na ikaondoka na pikipiki. Mimi niko hapa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mzee alikuja kwangu jana baada ya kanisa. Mabati ya darasa la pili, yeye ndiye anayeyafuatilia. Toa ile karatasi ukutani. Na yule msichana aandike barua ya msamaha, aisome mbele ya darasa. Yaishe." Kisha, kwa upole uliomuumiza Mideva kuliko ukali, akaongeza: "Jina lako liko kwenye orodha ya kozi ya Januari. Mimi ndiye naandika barua ya kukusifu. Usinifanye niwe na kazi ngumu."

Alikwenda, akaitoa. Gundi ya uji ilikuwa imeshika vizuri, na karatasi ilichanika kwenye kijito. Watoto walimtazama. Akawaambia wafungue ukurasa wa reli.

"Nani alijenga reli?"

"Mwingereza!" wakaimba wote, na wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, wenye nguvu. Teresa peke yake hakuimba. Alipoambiwa habari ya barua ya msamaha alisema, "Ndiyo, mwalimu," akafunga vitabu vyake kwa uzi. Jumanne hakuja shule. Jumatano hakuja. Mpaka wiki ikaisha kiti chake kilikuwa kitupu, na wenzake wawili wa dawati lile hawakujitanua kukijaza.

&nbsp;

Jumamosi Mideva alishuka hadi kwenye ukingo wa tingatinga, penye kinamasi na nyasi za maji alipokuwa akiishi Musimbi. Nyumba ilikuwa moja, na migomba minne. Mama mzee alikuwa anapepeta wimbi uani.

"Mulembe, mama," alisalimu Mideva.

"Mulembe." Musimbi hakusimamisha ungo wala hakumwonyesha kigoda. "Umekuja kama mwalimu, au umekuja kama mke wa boma lile?"

"Nimekuja kumtafuta mwanafunzi wangu."

"Amekwenda kisimani. Ameniambia anatakiwa aombe msamaha. Nikamwambia ngoja kwanza, kwa sababu aliyesema ni mimi. Mimi nitaomba. Lakini sijui niombe nini. Nimekosa kwa kusema, au nimekosa kwa kuchelewa kusema?"

Mideva alisimama juani. Makapi ya wimbi yalimrukia kwenye sketi.

"Nilikwenda kwa kamati kuandikisha," Musimbi aliendelea. "Wakaniuliza, una shahidi? Nina nani? Mmoja alikufa mwaka wa nzige. Mmoja amehamia Lumakanda. Wa tatu anakunywa pombe kwa Shitanda kila Jumapili, huyo atasema nini? Wakaniambia bila shahidi hayo ni maneno ya mwanamke." Akauweka ungo chini, akamtazama mgeni kwa mara ya kwanza. "Wewe ulimtuma mtoto kwangu na swali. Mtu akituma mtoto kwa jirani kuchukua moto, mtoto akija na kaa mkononi, hamwambii arudishe."

Mideva alipangusa makapi kwenye sketi. Kwao alifundishwa kwamba mwanamke aliyeolewa husitiri boma alikoolewa hata kama linavuja. Mama yake alimwambia hivyo siku ya kuondoka, akimfunga kitambaa kichwani. Alimfikiria pia Jescah, na wale wadogo wawili, na jiko lake.

"Mwambie Teresa aje Jumatatu," alisema mwishowe. "Hataandika barua yoyote."

"Nitamwambia. Na Alhamisi?"

Mideva alikuwa amekwisha geuka. Alijifanya hakusikia, na alijua kwamba mama mzee amejua.

&nbsp;

Alhamisi kamati ya mipaka iliketi kwenye uwanja wa shule. Wazee tisa walikaa kwenye mabenchi yaliyobebwa na darasa la saba. Mbele yao palikuwa na meza ya hedimasta, na nyuma ya meza kijana wa serikali, afisa wa ardhi, amevaa kaptula na soksi ndefu, ramani yake imekandamizwa kwa mawe manne ili upepo usiichukue. Mzee Shitanda alivaa koti lake jeusi. Cleophas alikuwa ameomba ruhusa kazini, akasimama nyuma ya baba yake pamoja na kaka yake.

Mideva alikuwa darasani akifundisha. Dirisha lile moja lilifungukia uwanjani, na kila neno liliingia.

Musimbi alisema yake kwa ufupi. Alitaja kijito, barabara, na mti uliokuwa mpaka kabla haujakatwa. Ekari tisa, kwa hesabu yao.

"Shahidi?" akauliza mwenyekiti wa kamati ile.

Musimbi aliwatazama wazee, mmoja mmoja.

"Mama, nauliza shahidi."

"Aliyenitunzia yupo hapo ameketi. Muulizeni yeye."

Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akasema mdaiwa hawezi kuwa shahidi wa mdai, na kama hakuna mwingine, waendelee na jina linalofuata. Kijana wa serikali akachovya kalamu.

Darasa la sita lilikuwa limeacha kusoma. Hakuna aliyemtazama mwalimu. Wote walitazama madaftari yao, na hilo ndilo lililomshinda. Alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari la matayarisho.

"Someni ukurasa wa hamsini," alisema. "Kimyakimya."

Kutoka mlangoni hadi kwenye meza ile hazikuwa hatua mia. Alizitembea akiwa na vumbi la chaki mikononi, na alipofika hakujua asimame upande gani, akasimama nyuma ya wanawake waliokuja kusikiliza.

"Mimi ni shahidi," alisema.

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mtama. Mwenyekiti alinyanyuka nusu. "Wewe ni mke wa boma la Shitanda. Mke hasimami akasema mbele ya baba mkwe wake. Rudi darasani, mama, usituletee mkosi."

"Ana nini mkononi?" aliuliza afisa wa ardhi.

"Daftari la shule, bwana. Nilimuuliza mzee kabla ya somo. Niliandika aliyosema."

"Soma."

Alisoma. Sauti ilikuwa ileile ya darasani, kavu, ya kuwatosha arobaini na saba. *Shamba la juu alipewa na baba yake. Shamba la chini alimtunzia Mukhwana alipokwenda kazi za vita.* Akasoma na tarehe.

"Sahihi hii ni ya nani?" akauliza afisa.

Hedimasta Khisa alikuwa amesimama pembeni. Alisogea mezani, akaitazama. "Ni yangu," alisema.

Macho yote yakahamia kwa mzee. Angeweza kukana. Karatasi iliandikwa na mwanamke, shahidi wake mwingine ni Jescah wa miaka tisa, maana Cleophas asingesema dhidi ya baba yake, na wazee saba kati ya tisa walikuwa rafiki zake. Cleophas alimwona baba yake akishika fimbo kwa mikono miwili, akainuka polepole, magoti yakilia.

"Nilisema," alisema Shitanda.

Akangoja watu watulie.

"Lakini na hili mliandike. Bwana D.C. alitaka watu kumi na wanne kutoka huku kwetu. Akasema wasipopatikana kufikia Ijumaa atachukua wangu wawili." Akawaelekezea fimbo wanawe, mmoja baada ya mwingine. "Huyu alikuwa na miaka kumi na minane. Huyu alikuwa na kumi na mmoja, lakini alikuwa mrefu. Ninyi mngemwandika nani?"

Musimbi alikuwa anatazama chini, vidole vikisokota ncha ya leso.

Mwenyekiti alikohoa. "Mambo ya D.C. hayamo katika kazi yetu, mzee. Sisi tunaandika mashamba."

Na kijana wa serikali, ambaye kalamu yake ilikuwa imesimama hewani, akaishusha na kuandika shamba tu.

&nbsp;

Walimpa Musimbi ekari nne. Tisa zilikuwa nyingi, wazee walisema, na aliyelima miaka ishirini na mitatu naye ana jasho lake. Musimbi hakushukuru mtu. Alirudia, "Nne," kama anayeonja chumvi, akaenda kutazama vigingi vikipigwa. Cha tatu kilipita jikoni kwa Mideva, kama alivyoambiwa.

Mzee alipogawa yaliyobaki, alimwita Cleophas peke yake. "Sehemu yako mkeo ameshaigawa," alisema, na hayo yakawa yote. Kaka mkubwa akapata ya juu. Jiko likabomolewa kwa asubuhi moja, matofali ya udongo yakirudi kuwa udongo, na familia ikahamia Amalemba, mtaa wa mjini, chumba kimoja cha nyumba ya kaunsili, pazia katikati.

Barua ya uhamisho ilikuja kabla ya mwisho wa muhula. Ilisema Mwalimu Mideva anahamishiwa shule nyingine upande wa pili wa mji, kwa manufaa ya shule. Orodha ya kozi ya Januari ilipobandikwa, jina lake halikuwemo. Hedimasta Khisa alikutana naye sokoni akamuuliza hali ya watoto, akamnunulia Jescah ndizi, na wote wawili walisimama pale wakizungumza juu ya mvua.

Cleophas hakumgombeza. Siku ya kubomoa jiko tu alisema, "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," kisha akanyamaza. Alinyamaza asubuhi akivaa na jioni akila, na chumba kilikuwa kidogo mno kwa kimya cha ukubwa ule. Kuna siku Mideva alitamani apigiwe kelele. Akirudi shuleni alilala kidogo kabla ya kupika, ameelekea ukutani, na hata usingizini aliwaza kwamba haki ya Musimbi aliilipia kwa mali ya watoto wake, na kwamba hakuwauliza.

&nbsp;

Jumamosi moja ya Novemba, mchana, Mzee Shitanda alibisha mlango.

Alikuwa amekuja mjini kuweka kidole gumba kwenye hati yake. Koti jeusi lilimpwaya. Cleophas, aliyekuwa anaziba pancha, alimpokea fimbo na kumpa kiti kilichokuwepo. Mideva alijifunga kanga upesi akaelekea mlangoni, maana chumba kilikuwa kimoja na haikuwa adabu wao wawili kukaa ndani yake.

"Kaa," alisema mzee.

Alidhani anamwambia Cleophas.

"Wewe, mwalimu. Kaa."

Miaka kumi na moja aliyoolewa, hilo lilikuwa neno la kwanza alilomwambia uso kwa uso. Akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Watu wananijia," alisema mzee. "Tangu siku ile. Kila siku mtu anakujanga. Anakaa uani kwangu ananiuliza, wetu ulimpeleka wapi? Wetu uliandika kwa sababu gani? Mtoto wa shule anakuja na kitabu. Mwanamke mmoja alitoka Malava kwa miguu. Hawatukani. Ningependa watukane. Wanauliza tu halafu wananingoja." Alipumua. "Wamezoea kuuliza. Nami nazeeka, majina yananitoka. Mimi sikusoma, niliyaweka kichwani. Nikifa nayo, wataniuliza kaburini. Chukua karatasi uandike."

Mideva hakusogea. Uchovu wote wa mwaka ule ulikuwa umeketi naye pale kitandani. Alimtazama mumewe. Cleophas alipangusa mikono yenye gundi ya pancha, akafungua mkoba wake wa kazini, akatoa karatasi safi ya kaunsili na kalamu, akaziweka mbele ya mkewe. Kisha akazisogeza hadi alipoweza kuzifikia.

"Mukhwana," alianza mzee. "Huyo unamjua."

Akataja Muyundo, na kijito alichokaa. Akataja Chitechi, aliyekuwa na mke mjamzito. Makokha na mdogo wake, siku moja, mama mmoja. Lutomia alikimbia akashikwa Malava. Kwa kila jina alifumba macho, akalitafuta, akalitoa. Jescah alileta obusuma na mboga, na mzee akanawa, akala kidogo bila kuonekana kujua anakula, huku anataja. Mideva aliandika. Mara moja alimwomba arudie, na mzee akarudia.

Walipofika kumi na tatu alinyamaza.

"Bado mmoja," alisema Cleophas.

"Najua bado mmoja." Mzee alikunja uso. Nje mtu alikuwa anatwanga, na walisikia mchi ukipanda na kushuka mara nyingi. "Alikuwa kijana. Hakuwa na mke. Alikuwa na pengo hapa." Akagusa jino la mbele. "Mama yake alifinyanga vyungu. Nilimchukua sokoni, hata kwao hakurudi kuaga. Jina lake..." Alingoja. Midomo ilijaribu, ikaacha. "Halipo. Lilikuwepo mwaka jana. Halipo."

"Niache mahali wazi, baba?" aliuliza Mideva.

"Usiache wazi. Watadhani hakukuwa na mtu."

Mideva akaandika namba kumi na nne, na mbele yake akaandika: kijana mwenye pengo, mtoto wa mfinyanzi, alichukuliwa sokoni. Mzee alimtaka amsomee yote tena tangu mwanzo, polepole, na Mideva akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa mlango akaanza na Mukhwana.